Kasekese: Huku baiskeli ndiyo yenye barabara

Kila inapokaribia likizo ya Juni, wasomaji wa ukurasa huu huuliza swali lilelile: tuwapeleke wapi watoto, mahali pa kupumua, bila kumaliza akiba ya nyumba? Wengi hutajiwa Bagamoyo, Lushoto, Zanzibar au mbuga za kaskazini. Wiki hii naomba tuelekee upande ambao wasafiri wengi hawaufikirii: magharibi kabisa mwa nchi, Mkoa wa Katavi, Wilaya ya Tanganyika, Kata ya Kasekese. Na naomba twende kwa baiskeli.

Nasema baiskeli kwa sababu huku ndiyo chombo kinachoijua barabara. Gari likipita, watoto wanaacha mchezo na kulitazama hadi vumbi lake litulie. Baiskeli ikipita hakuna anayegeuka, kwa kuwa zinapita tangu alfajiri hadi usiku. Kwa mtu aliyezoea kuendesha Dar es Salaam, akiwa amekabwa kati ya daladala na mtaro, kupata barabara nzima ya kwake na ya waendesha baiskeli wenzake ni raha ambayo mwili unaihisi kabla akili haijaielewa. Mabega yanashuka. Shingo inalegea. Unaanza kusikia ndege.

Njia ya kufika

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa. Makao yake makuu ni Mpanda, mji uliokuzwa na mgodi wa madini ya risasi pamoja na reli inayochepuka kutoka Kaliua kwenye Reli ya Kati. Reli hiyo bado inafanya kazi. Ukipanda treni Tabora unaweza kuiweka baiskeli kwenye behewa la mizigo na kuipokea Mpanda, jambo ambalo kwenye basi huwa na mabishano. Barabara ya Tabora hadi Mpanda nayo ni ya lami, kwa hiyo anayependa basi hana shida.

Kutoka Mpanda, Kasekese ipo upande wa magharibi, kwenye nchi inayoteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mpanda ipo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na ziwa lipo takriban mita 770, kwa hiyo kwa hesabu ya jumla unateremka. Nasema hesabu ya jumla, kwa sababu magoti yatakwambia mengine. Kabla ya kushuka kuna kupanda, na kila ukidhani kilima ni cha mwisho kinachungulia kingine nyuma yake. Wenyeji hawaoni aibu kushuka na kusukuma. Baiskeli nyingi hazina gia, na keria ina gunia. Kilima kikikaza, kila mtu ni mwenda kwa miguu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Mvua za huku huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na zikikolea udongo unashika tairi kama unga wa ugali uliozidishiwa maji. Juni asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Mahindi yameshavunwa, mabua yamebaki mashambani, na pembeni mwa njia watu wanapukuchua wakiwa wamekaa juu ya turubai. Mbali zaidi ya mashamba unaanza msitu wa miombo, ule wenye mininga na mitundu, na juu ya baadhi ya miti utaona mizinga ya nyuki imelazwa kwenye matawi. Asali ya Katavi inasifika nchini. Ukiinunua kijijini, kwenye chupa iliyokuwa ya maji, utaelewa kwa nini.

Swali la keria tupu

Nilianza safari saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado nyuma ya miti. Baiskeli niliyoazima ilikuwa Phoenix nyeusi ya kiume, nzito, yenye breki za vyuma na keria pana. Niliongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye siku hiyo alikuwa na nyumba kadhaa za kutembelea. Tulikubaliana kwamba nitamfuata, nami nitalipia chai.

Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshapishana na shehena za kila aina. Mkaa, magunia matatu, mmoja juu ya mwenzake. Kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa kwenye usukani. Dumu za maji. Mabati mawili ya nyumba. Kapu la migebuka na dagaa kutoka ziwani, likinuka hadi kona iliyofuata. Wasichana wawili wa sekondari kwenye baiskeli moja, aliyekaa nyuma akisoma daftari. Mzee aliyempakia mjukuu mbele, kwenye bomba, huku ameweka nguo iliyokunjwa ili chuma kisimuumize.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na keria tupu, na hilo lilizua maswali. Kwenye kijumba kimoja cha nyasi kilicho karibu na njia, bibi mmoja alikuwa anaanika karanga. Nilimwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani mgonjwa?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa. Akauliza kama kuna msiba. Hakuna. Akamgeukia mwenyeji wangu kutafuta maelezo, maana huku mtoto wa kike akiwa juu ya baiskeli asubuhi mapema, bila mzigo na bila jembe, ni dalili ya habari mbaya. Mwenyeji akamweleza kwamba dada huyu anatembea tu, anaangalia nchi. Bibi akafikiri kidogo, kisha akaingia ndani na kutoka na kifuko cha karanga zilizofungwa kwenye kipande cha kanga. Kama natembea tu, basi nimpelekee binti yake, kijiji cha mbele, nyumba yenye mwembe mkubwa upande wa kulia. Kipande cha kanga kirudi.

Hivyo ndivyo utalii wangu ulivyopata kazi. Tangu hapo sikuulizwa tena nani mgonjwa. Binti alipokea karanga zake, akatoa kipande cha kanga, na nikapewa bakuli la uji wa mtama nisilolilipia. Ninayemshauri kwenda Kasekese nitamshauri pia asiende na keria tupu. Beba chumvi, sabuni, madaftari, na uwe tayari kubebeshwa vingine.

Ukimya wa kununua

Kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alps, mto Adige unapita katikati ya bonde la mizabibu na matofaa. Kando yake imejengwa njia ya baiskeli inayoanzia karibu na mpaka wa Austria na kuteremka hadi mji wa Verona, mwendo wa takriban kilomita 300. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina gari hata moja. Familia nzima, baba, mama na watoto wenye baiskeli ndogo, huteremka siku kadhaa wakilala kwenye vijiji vya wakulima, wakila na kunywa mazao ya bonde. Wakulima wanauza divai, wenye nyumba wanakodisha vyumba, fundi baiskeli ana kazi mwaka mzima.

Zabibu zetu ziko Dodoma, si Katavi, na hatuna theluji juu ya milima. Lakini ukiacha hayo, kilichowavuta watu kule ni kilekile kilichopo Kasekese leo: mwendo wa polepole, mashamba pande zote, na barabara ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuyumba bila mama yake kushika moyo. Tofauti ni kwamba kule ukimya huo ulirudishwa kwa fedha. Magari yalishajaa bondeni, ikabidi baiskeli zitengenezewe mahali pao. Huku ukimya haujatengenezwa na mtu. Upo kwa sababu magari bado hayajafika kwa wingi, na yakifika utaondoka siku hiyohiyo kama hakuna aliyejiandaa.

Baiskeli iliyobeba watu wawili na nusu

Mwenyeji wangu alikuwa na begi la bluu mgongoni, daftari la kaya, na kipimo cha mkono cha kupimia utapiamlo kwa watoto. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikisha zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kwenye takwimu hao ni idadi. Kwenye barabara ya Kasekese ni mtu mmoja anayesukuma baiskeli kilimani akijua nyumba ipi ina mjamzito wa miezi minane na nyumba ipi mtoto hajamaliza chanjo.

Kabla ya saa nne tulipishana na mume na mke. Mume anaendesha, mke amekaa kwenye keria upande mmoja, mikono ameifunga kiunoni mwa mumewe, tumbo likiwa kubwa. Chini yake alikuwa amewekewa mto uliofungwa kwa mpira wa tyubu. Mume alikuwa akikwepa kila shimo kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Walikuwa wanakwenda kliniki, mahudhurio ya kawaida, hakuna dharura. Mwenyeji alisimama, akauliza maswali mawili matatu kuhusu miguu kuvimba na kichwa kuuma, akaandika, wakaendelea.

Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kule kuchelewa kwa katikati ni habari ya barabara. Tumepiga hatua. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vya wajawazito kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015/16 ulionyesha 556. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unamwezesha mjamzito mwenye dharura kupiga namba 115 bila malipo na kutafutiwa usafiri, liwe gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kila familia inapaswa kuikariri namba hiyo kama inavyokariri namba ya siri ya simu.

Lakini gari hilo nalo linahitaji njia, na mama anahitaji kufika njiani. Kutoka kwenye nyumba za ndani, zilizo mwisho wa vijia vya mashambani, hatua ya kwanza ni baiskeli. Ndiyo maana huku watu hawaisifii kwa rangi wala kwa gia. Wanauliza swali moja: keria yake inabeba?

Kuelekea ziwani

Kutoka Kasekese nilishika njia ya ziwani, nikalala njiani usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni yenye taa ya sola na maji ya ndoo, kesho yake mchana nikafika Karema. Joto lilikuwa limeongezeka kadiri tulivyoshuka. Kisha, bila kutangaza, miti ikafunguka na ziwa likawa pale, la bluu hadi linapokutana na mbingu. Upande wa pili ni Kongo.

Karema ni mahali pa kukaa kimya na kufikiri. Mwaka 1879 ilijengwa hapa ngome ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ile iliyoanzishwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1876. Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Miaka michache baadaye, 1888, John Dunlop alisajili tairi lake lenye upepo ndani, na baiskeli ikawa chombo cha kupendwa Ulaya na Marekani. Mpira ukahitajika kwa wingi, na ng'ambo ya ziwa hili, kwenye Kongo ya Leopold huyohuyo, watu walikatwa mikono na kuuawa kwa sababu ya kutofikisha kiasi cha mpira walichopangiwa. Nikiwa nimesimama ufukweni na tairi zangu mbili zimejaa upepo, niliona ni haki kulikumbuka hilo. Chombo hiki cha amani hakikuanza kwa amani kwa kila mtu.

Karema pia ina hadithi ya tabibu. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani. Alikombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka. Aliwatibu watu wa ukanda huu hadi alipofariki dunia mwaka 1956, karibu miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Wanaoishi Dar es Salaam wanalijua jina lake kwa sababu ya jengo la Atiman House, lakini ni wachache wanaojua kwamba aliyepewa heshima hiyo alikuwa mtumwa aliyegeuka daktari wa watu wa ziwani. Kwa mzazi anayemlea kijana anayetamani kusomea afya, hadithi hiyo peke yake inatosha kulipia nauli.

Kama utaingia majini, uliza wenyeji kwanza. Kuna sehemu za mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kichocho hakina mgeni wala mwenyeji.

Fundi chini ya mwembe

Safari ya baiskeli bila pancha ni ya kwenye hadithi. Yangu ilitoboka kwa mwiba wa mgunga tukiwa tunarudi. Kila baada ya vijiji viwili vitatu kuna fundi: mwembe, benchi, beseni la maji, kipande cha msumeno cha kukwaruzia tyubu, solusheni na pampu ya mkono. Fundi alizamisha tyubu kwenye beseni, akatafuta mapovu, akakausha, akakwaruza, akapaka, akasubiri. Kiraka alikikata kutoka kwenye tyubu iliyokufa. Alinitoza bei ileile aliyomtoza mwenye gunia la mkaa aliyenitangulia.

Nilipomuuliza kuhusu kazi, alisema vijana wengi sasa wanataka pikipiki, na yeye mwenyewe ameanza kujifunza kuzitengeneza. Jina la bodaboda lenyewe lilitokana na baiskeli, zile zilizovusha watu kati ya mpaka wa Kenya na Uganda, zikatoa jina zikaachia pikipiki. Fundi hana ugomvi na pikipiki. Alichosema ni kwamba pikipiki ikikosa mafuta inalala, baiskeli haijawahi kulala kwa sababu ya bei ya petroli.

Faida kwa mwili, na tahadhari

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Mkulima wa Kasekese anayemaliza dakika hizo kabla ya Jumanne hajui kwamba anafanya mazoezi. Sisi wa mijini tunaoamka na kukaa, tukaenda kukaa, tukarudi kukaa, ndio tunaopaswa kujifunza kwake. Baiskeli inafanyisha kazi moyo na mapafu bila kuyagonga magoti kama kukimbia, inasaidia kushusha presha na sukari, na inalaza mtu usingizi wa haki.

Kwa familia inayotaka kujaribu, haya ndiyo ya kuzingatia. Pandisha kiti hadi kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa mguu uwe karibu kunyooka. Watu wengi wanakaa chini mno, kisha wanalaumu baiskeli kwa maumivu ya magoti. Anza saa kumi na mbili asubuhi, pumzika kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa, kisha malizia jioni kabla ya giza. Beba maji ya kutosha kwa kila mtu na usisubiri kiu. Vaa kofia ngumu, hata kama utakuwa peke yako uliyeivaa.

Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi ziache nyumbani. Msituni kuna mbung'o, na mbung'o wanavutiwa na rangi hizo na chochote kinachotembea. Chagua kaki au rangi hafifu, mikono mirefu. Tumia chandarua usiku. Na usidanganyike na ramani ukadhani unaweza kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa baiskeli. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1974, ina simba, nyati, tembo na viboko. Huko nenda kwa gari na mwongozaji, siku nyingine.

Kama watoto wana umri wa kuuliza maswali, waulizieni wenyeji habari za misitu ya upande wa Mwese na Ntakata, kunakoishi sokwe. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinatunza misitu hiyo na kupata fedha kupitia biashara ya hewa ukaa. Mtoto aliyefundishwa darasani kwamba miti ni uhai atashangaa kukuta kuna kijiji kinacholipwa kwa kuiacha isimame.

Lami inakuja, baiskeli ziende wapi?

Serikali imejenga bandari Karema ili mizigo ivuke ziwa kwenda Kongo. Bandari haiwezi kuishi bila barabara, na barabara ya kutoka upande wa Mpanda kwenda Ikola na Karema ipo kwenye mipango ya lami. Hakuna mtu niliyekutana naye asiyeitaka. Mama mwenye uchungu anaitaka kuliko wote. Mkulima anataka lori lifike shambani, mvuvi anataka samaki wake wafike Mpanda wakiwa bado na barafu. Mgeni wa siku nne hana haki ya kumwombea mwenyeji vumbi ili yeye apate ukimya.

Lakini tunajua kinachotokea lami ikifika na baiskeli zikasahauliwa. Malori yanakimbia. Yule mume aliyekuwa akikwepa mashimo kwa hiari yake sasa anasukumwa nje ya lami, kwenye ukingo wenye kokoto, mke akiwa nyuma. Wale wasichana wa sekondari hawawezi tena kwenda wawili, mmoja akisoma daftari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Barabara iliyojengwa kumwahisha mama hospitali haipaswi kuwa ndiyo inayompeleka mwanawe huko.

Dawa yake si ngumu kama ya Italia. Hatuhitaji kuijenga njia upya baada ya magari kujaa, kwa kuwa hayajajaa. Wakati wa kuchora ndio huu. Bega la lami lenye upana wa kutosha kwa baiskeli yenye mzigo pande zote mbili. Njia ya pembeni kwenye vijiji, shule na zahanati. Matuta kabla ya shule. Daraja lenye nafasi ya anayesukuma. Jijini Dar es Salaam, barabara ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kutumika mwaka 2016 ilichorwa ikiwa na njia ya baiskeli, kwa hiyo wahandisi wetu wanajua kuichora. Tatizo la kule ni pikipiki na meza za biashara zilizoihamia, na hilo ni la usimamizi.

Mikutano ya vijiji hufanyika, na mradi wa barabara unapopita huwa kuna siku wananchi wanaulizwa maoni. Mara nyingi yanayoulizwa ni fidia ya mashamba na nyumba, na watu wana haki ya kuyapigania. Swali moja liongezwe: keria zetu zitapita wapi? Lingefaa liulizwe na yule mhudumu wa afya, kwa sababu ana daftari lenye majina. Anajua ni kina mama wangapi wamefika kliniki mwaka huu, na wangapi kati yao walifika wakiwa wamekaa upande mmoja nyuma ya baiskeli, juu ya mto uliofungwa kwa mpira wa tyubu.